Njia ya Maji Nyuma ya Chumba cha Bibi

Jumamosi, 4 Februari

Mpendwa Shangazi,

Naanza kwa kukuahidi kwamba nitakueleza yote, hata yale ambayo yakijulikana nitagombezwa. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko, kwa sababu Bibi hajui kwamba nakuandikia na sitaki ajue. Hilo ndilo la kwanza.

La pili ni maji. Jana ilinyesha mvua, wala haikuwa ya kutisha, ilikuwa ile ya kuosha majani tu. Niliporudi kutoka shule ua ulikuwa bwawa. Kiatu kimoja cha Baba kilikuwa kinaelea kwenda kwenye tundu la kuku kana kwamba kimealikwa. Maji yalikuwa yameegemea ukuta wa chumba cha Bibi, na chini ya mlango yalipita taratibu, mstari mwembamba unaong'aa, mpaka chini ya cherehani. Bibi alikuwa anashona sare za watu. Hakunyanyuka. Aliendelea kukanyaga cherehani na miguu yake ikichuruzika.

Jioni alikuja Baba Mkubwa. Alipapasa ukuta na rangi ikambakia kiganjani. Alikifuta kwenye suruali, halafu akasema, "Mama, maji yakiingia humu mara nyingine moja msimu huu, nakuchukua. Utakaa kwangu, na chumba hiki tutakipangisha."

Unajua kwake ni ghorofa ya tatu, na magoti ya Bibi unayajua. Akipanda pale hatashuka tena, na wateja wake hawatapanda kumfuata. Bibi alijibu kwamba yeye si gunia la mtu kubeba ngazini. Baba Mkubwa hakusema kwa ubaya, nilimsikia nje akimwigizia Baba kikohozi cha Bibi cha usiku, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Lakini alisema, na akisema yeye imekwisha, maana ndiye mkubwa. Baba aliangalia chini tu. Bibi akiondoka, mimi nitabaki na Baba, ambaye nusu ya mwezi yuko njiani na lori.

Sasa la tatu. Kila mwaka Baba huchimba mtaro kutoka ukutani kwa Bibi hadi barabarani, na kila mwaka maji huukataa. Yanakaa humo kama supu kwenye bakuli, kisha yanarudi. Baba anasema ua wetu una mkosi. Mimi sidhani ua una mkosi. Nadhani kuna kitu hatukijui, na wewe unakijua, kwa sababu kuchimba mitaro ndiyo kazi yako.

Najua Bibi alikukataza kumwandikia. Siku ile ulipomwambia hutaki cherehani, unakwenda kazini na wachimba mitaro, mimi nilikuwa chini ya meza nacheza na vifungo. Nilimsikia anasema, "Ukichagua matope, usiniandikie kutoka huko." Nawe ukaondoka. Lakini mimi hakunikataza kitu, kwa hiyo sijavunja amri. Andika kwa anwani ya shule, karani ananijua. Nikiulizwa nani ananifundisha, nitasema ni mwalimu wa jiografia. Huo ni uongo, nimeupima, nimeona ni mdogo kuliko bwawa.

Kwa nini maji hayataki kwenda barabarani?

Ni mimi, yule uliyempa jina,
Chiriku

*

Jumatatu, 13 Februari

Chiriku wangu,

Kumbe bado unaongea bila kuvuta pumzi, hata kwenye karatasi. Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakadhani nimepata nyongeza ya mshahara.

Barua yako nimeisomea ndani ya mtaro. Tunalaza mabomba makubwa chini ya soko la mji huu, na shimo letu limekwenda chini mno. Ukisimama humo na kuangalia ukutani, unaona ardhi ilivyojipanga: juu udongo mweusi wa takataka na vigae, chini yake mwekundu mgumu, na chini kabisa, wiki iliyopita, tulifika kwenye mchanga. Mchanga safi, Chiriku, wa mto, na vijiwe vya mviringo vilivyosuguliwa na maji. Hakuna mto hapa. Wazee wa soko hawajawahi kusikia habari ya mto. Katapila ilizimwa, na watu ambao hawanyamazi hata wakila wakanyamaza. Juu yetu watu walikuwa wananunua nyanya, na chini ya miguu yao kuna mto uliolala tangu kabla ya mtu yeyote kuuita jina. Niliokota kijiwe kimoja. Nimekitia katika bahasha hii, angalia kisipotee.

Sasa swali lako. Maji hayakatai wala hayana kiburi. Maji yanajua jambo moja tu, kushuka, na yanalijua kuliko mimi na wewe. Macho ya watu ndiyo yanayodanganya. Kwa hiyo usimuulize Baba, usiyaulize macho yako, yaulize maji yenyewe.

Kusanya majivu ya jikoni. Ukiona wingu, yanyunyize uani kote, membamba kama unga juu ya meza ya maandazi. Mvua ikipita, toka uangalie kabla mtu hajakanyaga.

Halafu tafuta mpira mrefu wa plastiki, ule unaoona ndani yake. Ujaze maji, utoe mapovu yote. Mtu mmoja ashike ncha hii, mwingine ncha ile, hata kama kati yenu kuna nyumba nzima. Maji yatasimama kimo kimoja kwenye ncha zote mbili. Sitakueleza kwa nini, utaona. Kutoka kwenye maji pimeni kwenda chini hadi ardhini, kila mmoja upande wake. Penye umbali mkubwa ndipo penye bonde. Msichimbe kwanza.

Na usiseme ni mimi. Magoti yake yakoje siku hizi? Umesema nayajua, lakini niliyoyajua ni ya zamani.

Shangazi yako

*

Jumapili, 26 Februari

Mpendwa Shangazi,

Mambo ni mengi na yote ni ya ajabu, nitajitahidi yasinitoke kwa pamoja. Kijiwe kimefika salama. Nalala nacho chini ya mto wa kitandani, nikikumbuka kwamba nacho kililala chini ya mto mwingine.

Nilikusanya majivu kwenye debe. Bibi aliniuliza ya nini, nikamwambia mwalimu wa jiografia ametupa kazi. Alhamisi asubuhi wingu lilikaa juu ya paa, nikayanyunyiza. Mvua ikanyesha kidogo, ikaondoka. Nikafungua mlango.

Shangazi, ua ulikuwa umechorwa. Kila mahali palikuwa na mistari ya kijivu, mingine mipana kama utepe, mingine kama uzi, ikiungana miwili miwili, kama mishipa iliyo mgongoni mwa mkono wa Bibi. Nimekanyaga ua huu tangu nilipojua kutembea, na kumbe wakati wote una mchoro wake na sikuwahi kuuona. Wala hapakuwa na mstari hata mmoja ulioelekea barabarani. Yote ilianzia getini, ikaipa barabara kisogo, ikaja moja kwa moja ukutani kwa Bibi. Pale ilikusanyika. Kisha mmoja tu, mwembamba, ukatoka ukaenda hadi kona ya nyuma, chini ya uzio wa yule jirani anayetengeneza redio, ambaye watoto wote wanamwita Mzee Antena.

Bibi akatoka. Alipofika kizingitini alivua kandambili, akazishika mkononi, akasimama pembeni bila kugusa hata mstari mmoja. Sikuwa nimemwambia asikanyage. Aliangalia kwa muda mrefu mpaka nikaogopa kuchelewa shule. Akauliza, "Nani kakufundisha hili?"

Nikasema ni mwalimu wa jiografia.

"Mwalimu wako kalelewa vizuri," akasema, akarudi ndani. Nilifurahi kwa niaba ya mwalimu, ingawa hajui.

Mpira tuliupata kwa Mzee Antena mwenyewe, ni ule anaonyonyea mafuta ya jenereta. Tuliuosha kwa sabuni na bado unanuka. Alikuwa amekuja uzioni kulalamika, maana alisikia tunataka kuelekeza maji nyuma, na akamwambia Baba kwamba maji yetu yana miguu na yatahamia kwake. Baba alimpa ncha moja ya mpira, akamwomba aishike tu. Mzee alisimama kwake, Baba ukutani kwa Bibi, na maji ndani ya mpira yakapanda, yakashuka, yakatikisika kama mtu anayetafuta usingizi, kisha yakatulia. Kimo kimoja, Shangazi. Hawaonani, kati yao kuna jiko na tundu la kuku na uzio, na maji yanajuana. Mzee Antena aliinua ncha yake ili ayajaribu, yakagoma kumfuata. Akaishusha, yakagoma. Alisema maisha yake yote amefanya kazi na mawimbi yasiyoonekana na hakuna lililomshangaza hivi.

Tulipima getini. Barabara iko juu ya ua wetu kwa kiganja kizima! Baba alikataa, tukapima tena, akakaa chini kwenye kizingiti. Ndipo Bibi aliposema kutoka dirishani kwamba alipoletwa nyumba hii akiwa bi harusi, alikuwa anashuka ngazi kwenda barabarani. Tulichimba kidogo kwa jembe pale getini na ngazi ipo, Shangazi, imezikwa nzima nzima. Kila mwaka wanamwaga kifusi kuipendezesha barabara, na kila mwaka imeota kidogo, na sisi tumeendelea kuiona iko chini kwa sababu zamani ilikuwa chini. Baba amekuwa akiyachimbia maji njia ya kupanda mlima.

Mahali pa chini kuliko pote ni mfereji wa saruji kwenye kichochoro, nyuma ya nyumba ya Mzee Antena. Je, sasa tuchimbe? Magoti ya Bibi ni mabaya asubuhi na mazuri kidogo baada ya chai.

Chiriku

*

Alhamisi, 2 Machi

Chiriku,

Umeandika kwamba alivua kandambili. Mahali hapo nimepasoma mara nyingi kuliko inavyohitajika. Akiuliza lolote tena kuhusu mwalimu wako, niandikie neno kwa neno, usipunguze, usitie chumvi.

Sasa chimbeni. Anzeni mwisho. Watu wote huanzia penye shida, na mvua ikiwakuta katikati wamejichimbia bwawa jipya. Anzeni kichochoroni, kwenye mfereji, mrudi nyuma mkiifuata njia ile ya majivu hadi ukutani, ili siku yoyote mvua ikija, maji yakute mlango wa kutokea uko wazi. Kila hatua moja ndefu ya Baba, mtaro ushuke kwa unene wa kidole chake. Usishuke zaidi kwa kutaka sifa. Maji yakikimbia sana yanaacha matope njiani, na matope ndiyo yanayoziba.

Msichimbe karibu na msingi wa chumba chake. Hatua mbili kutoka ukutani, hata Baba Mkubwa aseme nini. Ukuta unategemea udongo ulio ubavuni mwake, mkiunyang'anya utainama.

Chini mtandike kokoto, juu yake bomba lenye matundu, na matundu yaangalie chini. Baba atataka yaangalie juu, kila mtu hutaka hivyo, anadhani maji yataingia kama mvua kwenye kikombe. Hapana. Maji ya ardhini huja yakipanda, kimya, kutoka chini, na yakigusa matundu yanakuwa yameanza safari. Fungeni yote kwa kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo, kisha kokoto tena, kisha udongo. Mkimaliza, pale ukutani muinue ardhi kidogo ili itelemke kwenda mtaroni.

Mwambieni Mzee Antena mtapita pembeni mwa uzio wake na mtamrudishia kila kitu kilivyokuwa. Mpeni heshima ya kushika mpira.

Shangazi yako

*

Jumamosi, 11 Machi

Mpendwa Shangazi,

Baba amechukua likizo fupi na mikono yake imekuwa na malengelenge, anasema usukani ni mtoto mchanga ukilinganisha na jembe. Tumeanza mwisho kama ulivyosema. Majirani wanaopita kichochoroni wanamuuliza kama amepotea nyumba. Mzee Antena anawajibu kwa niaba yake, sasa anazungumza habari za levo, yaani ule usawa wa maji, kama aliyezaliwa nayo. Jana aliuliza kwa sauti ya chini kama mtaro wetu una nafasi ya maji yake pia, maana naye ana kidimbwi nyuma ya banda lake la redio, ambacho hakuwahi kutwambia. Baba akamwambia alete koleo.

Kazi yangu ni kupima kina. Nilikuwa nikipima kwa kijiti, Bibi akaniona. Alivua futi yake ya kupimia nguo, ile anayoivaa shingoni kutwa nzima na ambayo hata mimi siruhusiwi kuigusa, akanikabidhi. "Kitu cha kukaa miaka hakipimwi kwa kijiti," akasema. Sasa ina matope mpaka kwenye namba kubwa, na hajaniambia neno.

Umesema nikuandikie maneno yake. Haya hapa, ingawa mengine yananitia aibu.

Jumatatu alisema, "Muulize mwalimu wako kama anakunywa chai kabla ya kwenda kazini. Watu wa namna yake huondoka na tumbo tupu."

Jumatano alisema, "Muulize kama kifua chake kinalivumilia lile vumbi."

Na jana, tulipokuwa tunaanua nguo, "Muulize kama bado analala miguu ikiwa nje ya shuka, na huko aliko kama hakuna baridi."

Shangazi, mwalimu wetu wa jiografia ana ndevu na wajukuu. Siwezi kumuuliza mambo ya shuka. Nilimwambia Bibi kwamba nitamuuliza, na tangu hapo nikimwona mwalimu kwenye veranda ya shule napita nyuma ya darasa. Nimjibu nini Bibi?

Chiriku

*

Jumatano, 15 Machi

Chiriku,

Mwambie Bibi kwamba mwalimu anasema hivi. Chai anakunywa, lakini ni kweli mara nyingine anaisahau. Kifua kilimsumbua mwaka ule wa kwanza, sasa anafunga kitambaa puani na ni mzima. Miguu bado iko nje ya shuka, na baridi ipo kidogo alfajiri.

Mwambie pia mwalimu anasema kwamba habari ya majivu hakufundishwa chuoni wala kazini. Alifundishwa akiwa mdogo, uani, na mtu aliyekuwa anatafuta mahali pakavu pa kusimika nguzo ya kamba ya nguo. Kila anaposimamia kazi yake, watu wakimuuliza amejuaje, anasema amejifunza kwa mama yake.

Mwambie polepole. Usimwambie akiwa amesimama.

Shangazi yako

*

Jumapili, 26 Machi

Mpendwa Shangazi,

Niliisoma barua yako kwenye ngazi za maktaba mara mbili, na mara ya pili nikaelewa kwamba katika nyumba hii mimi ndiye wa mwisho kuelewa. Nimekuwa nikibeba siri kwa mikono miwili na kumbe chombo ni kitupu tangu ile asubuhi ya kandambili. Sikasiriki. Naona haya kidogo, na nastaajabu zaidi. Watu wawili hawaonani, kati yao kuna safari ya siku nzima, na wanajuana kimo.

Nilimngoja Bibi akae. Nilimwambia yote, polepole, nikisema "mwalimu" kila mahali kama ulivyoandika. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Uzi ulikataa kuingia, akaulamba, ukakataa tena, akanipa mimi niutie. Tukala, akakusanya sahani. Kisha akasema, "Ile nguzo bado imesimama."

Ni kweli, Shangazi. Nilitoka kuiangalia. Kila kitu uani kimeinama au kimeoza chini, ila hiyo.

Mtaro umekwisha. Matundu yanaangalia chini, Baba aligoma kwanza, nikamwonyesha mstari wako, naye mwandiko aliujua mara moja, akakubali huku akinung'unika. Umefukiwa, na juu yake hapaonekani kitu isipokuwa kovu refu la udongo mpya. Kichochoroni mdomo wa bomba umetokeza juu ya mfereji, mkavu, na Mzee Antena huuchungulia kila asubuhi kabla ya kufungua banda.

Lakini mvua haijaja. Jana Baba Mkubwa alifika akalipita kovu lile mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma. Alisema kazi imefanywa vizuri, ila shimo lililofukiwa ni shimo lililofukiwa, na yeye anangoja kuona. Chumba cha pili kwake ameshakipaka rangi. Kaleta na ufunguo wa Bibi, kauacha juu ya kabati. Bibi hakuugusa.

Tulipima mara nyingi, Shangazi. Lakini chini hatuoni. Kama kuna mahali tumekosea unene wa kidole, tutajua siku hiyo hiyo yatakapoingia chini ya mlango, na itakuwa tumechelewa. Naogopa.

Chiriku

*

Ijumaa, 31 Machi

Chiriku,

Naandika kwa haraka, gari la posta linangoja. Huku imeanza tangu jana na ni kubwa, tumefunga kazi. Wingu lote linaelekea kwenu.

Na mimi huogopa kila mara. Aliyechimba halafu asiogope, hajui alichokifanya. Nendeni kwenye mdomo wa bomba, msikae ukutani. Jibu litatokea kule.

Shangazi

*

Jumapili, 9 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Naandikia mezani, mchana kweupe, ndani ya chumba cha Bibi, na Bibi yuko hapa. Nilikuahidi mwanzoni kukueleza yote, basi sikiliza.

Barua yako fupi ilitufikia baada ya mvua, kwa hiyo tulifanya vingine. Ilikuja Jumanne, mara tu nilipotoka shule. Haikuanza na matone, ilianza nzima. Nilifika nyumbani viatu vikiwa mkononi. Baba alikuwa safarini. Baba Mkubwa alikuwepo, alikuwa ameacha kazi akaja na gari, na vitu vya Bibi vya juu ya kabati alikuwa ameshavitia kwenye sanduku. Sote watatu tulisimama chumbani tukiangalia chini ya mlango. Nilikuwa nimekishika kijiwe chako mpaka kikaacha alama.

Maji yalifika uani kutoka barabarani kama kawaida yake. Yalikuja yamejaa, ya kahawia, yakibeba majani, moja kwa moja kwetu. Baba Mkubwa aliinama kushika sanduku. Yakafika kwenye lile kovu.

Yakapungua, Shangazi. Sijui neno lingine. Yalikuja mengi na yakafika machache. Hayakugonga kitu, hayakugeuka, yalizama tu pale juu ya kokoto, kana kwamba ardhi ilikuwa imekumbuka kiu yake. Mengine yakaja nyuma yao, nayo yakaingia. Uani mvua ilikuwa inapiga kelele na pale kwenye mstari palikuwa kimya. Chini ya mlango hapakuja kitu, hata unyevu wa kulowesha karatasi.

"Yamekwenda wapi?" Baba Mkubwa akauliza, na kwa mara ya kwanza nilimsikia anauliza kitu ambacho hakijui.

Bibi alichukua mwavuli. Tulimkataza sote wawili, akatoka. Baba Mkubwa alimfuata amemshika kiwiko, nami nikafuata nyuma yao, tukazunguka mpaka kichochoroni polepole kwa ajili ya magoti. Mzee Antena alikuwa ameshafika, amesimama ndani ya mvua na gunia kichwani, ananyoosha kidole. Mdomo wa bomba ulikuwa unatapika. Kwanza maji mekundu ya udongo tulioukoroga wenyewe, yakiruka mbali na ukingo. Tuliyaangalia, nayo yakaanza kubadilika, mekundu, ya chai, ya asali, mpaka yakatoka meupe, safi, ya kuonyesha kila punje ya saruji chini yake. Yalikuwa maji yale yale yaliyoanza kama matope getini kwetu. Yalipita gizani chini ya miguu yetu, kwenye njia tuliyoichora kwa majivu, na hakuna aliyeyaona njiani, na yametoka yamenawa.

Bibi aliniachia mwavuli. Aliinama kwa shida, akatia mkono wake mdomoni mwa bomba, maji yakampita katikati ya vidole. Aliuacha hapo. Nilidhani analia, lakini sote tulikuwa tumelowa, na sikutaka kujua.

"Hii ndiyo kazi anayoifanya?" akaniuliza.

Sikusema habari za mwalimu. Nilisema, "Ndiyo, Bibi. Kila siku. Chini ya miji mizima."

Baba Mkubwa alirudisha vitu juu ya kabati yeye mwenyewe, na alipoondoka alichukua ufunguo wake. Alisema chumba kile atamwekea mgeni. Mlangoni aligeuka akauliza kama yule dada yake angeweza kuja kuangalia choo cha ghorofani kwake, maana nacho kina mambo yake.

Mvua imeendelea siku zote hizi. Chumba ni kikavu. Bibi ameondoa matofali aliyokuwa ameyatia chini ya cherehani ili isilowe, na Baba amerudi kutoka safarini, amekaa uani akiangalia maji yanavyozama, na hataki kuitwa kula.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niketi kuandika. Leo asubuhi nimemkuta Bibi ametandaza mezani kitambaa cha buluu, kizito, kile kinachoshonewa ovaroli. Pembeni kuna vipande viwili vya turubai alivyokwisha kuvikata, vya kushonea magotini. Futi ameiosha, ila kwenye namba kubwa matope hayajatoka na anasema hayatatoka. Chaki iko mkononi. Mkasi ameufungua, akaufunga, akaufungua.

"Andika," akaniambia. "Muulize kama kiuno chake bado ni kile nilichokipima mara ya mwisho, au kazi imempunguza. Kitambaa hiki sikikati kwa kukisia."

Nikamuuliza kama nimwambie atume vipimo kwa barua.

Bibi aliitia futi shingoni. Aliinyoosha ncha moja, kisha nyingine, mpaka zikawa sawa. "Vya barua si vipimo," akasema. "Mtu hupimwa akiwa amesimama mbele yako."

Kisha akaanza kuupanga uzi, wala hajanipa kisogo, na najua anasikia kalamu yangu inavyokwenda. Mkasi uko wazi juu ya meza, Shangazi. Tafadhali nijibu mara tu utakapofungua bahasha hii, usingoje siku ya pili:

Utakuja lini kupimwa?

Chiriku